Ngozi kavu, na bado vipele



Juma lililopita, baada ya kuhesabu pesa za AVEC na kufunga kasha kwa kufuli zake tatu, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki kwenye kiti. Aliwangoja wengine watoke, kisha akanivuta kando, karibu na mlango. Nilidhani anataka mkopo ambao hakuthubutu kuuomba mbele ya watu. Kumbe alitaka kuniuliza juu ya uso wa binti yake. "Mama, ngozi yake inapasuka kama udongo wa kiangazi, na bado vipele vinaota. Nikimpaka mafuta, vipele vinazidi. Nikimwachisha mafuta, anaamka mweupe kama mtu aliyelala ndani ya unga. Sasa nishike lipi?"

Nilimwambia nitaandika hapa, maana si yeye wa kwanza kuniuliza, na pia kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea katika jambo hili ndani ya nyumba yangu. Najua kuna msomaji atakayesema: wakati huu ambapo nyumba nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vita, na bei ya unga haitulii, huyu mama ameona aandike habari ya vipele? Naelewa. Lakini ngoja nisimulie, utaona kwamba si habari ya urembo tu.

Binti yangu alianza kuota vipele akiwa na miaka kumi na minne. Vijana wanaviita mabutoni, kwenye vitabu vinaitwa chunusi. Paji la uso na kidevu vilijaa, lakini mashavu yalikuwa makavu, yana magamba madogo, hasa mwezi wa saba wakati wa upepo na vumbi. Mimi nikafanya yale niliyofanyiwa na mama yangu. Nilimpa kipande cha sabuni ya kufulia na kitambaa kigumu, nikamwambia asugue mara tatu kwa siku "mpaka mafuta yatoke". Jioni nikampaka alkoli kwa pamba. Alilia. Nikamwambia dawa nzuri inauma.

Baada ya juma tatu uso ulikuwa mwekundu kahawia, unawaka, umekauka zaidi, na vipele vilikuwa palepale. Akaacha kwenda kwaya. Alisema sauti imekauka. Mimi nikaamini, kumbe kilichokauka ni kitu kingine.

Niseme kwanza kilichokuwa kinatokea, kwa namna muuguzi alivyonieleza baadaye.

Ngozi ni kama ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ndizo matofali, na kati yake kuna mafuta ya asili yanayoshika kama udongo wa kuunganishia. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hayatoki ovyo na vijidudu haviingii. Sabuni ya kufulia imetengenezwa kwa kutoa mafuta kwenye kitambaa. Haijui kutofautisha mafuta ya sufuria na mafuta ya ukuta wa ngozi yako. Tena ngozi yetu kwa asili ina uchachu kidogo, kipimo chake ni kama 5, na sabuni ya kawaida ni 9 au 10. Kila unapoisugua, unabomoa kidogo udongo ule. Maji yanatoka, ngozi inapasuka, inawasha.

Sisi wa huku tunaijua hali hiyo kwa mikono yetu wenyewe. Kumbukeni miaka ya Ebola, kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, na tena mwanzo wa 2021 ugonjwa uliporudi Biena, Katwa, Butembo na hapa kwetu Musienene. Ndoo za maji ya klori zilikuwa kila mlango: sokoni, kanisani, masomoni, kwenye barrière. Tulinawa mara ishirini kwa siku, na ilikuwa lazima, ilituokoa. Lakini mikono ilipasuka hadi mama akikamua limau alipiga kelele. Hakuna aliyesema "mikono imepasuka, basi tuisugue zaidi kwa klori." Tulipaka mafuta. Kwa uso wa watoto wetu tunasahau hekima hiyo, kwa sababu tunaona kipele tunafikiri ni uchafu.

Na kipele si uchafu. Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo kuna matezi madogo yanayotoa mafuta kupitia vitundu vya vinyweleo. Mtoto anapobalehe, homoni zinayaamsha matezi hayo. Chembe za ngozi zilizokufa zinajikusanya kwenye mdomo wa kitundu na kukiziba, mafuta yanabaki ndani, kijidudu kinachoishi kwenye ngozi ya kila mtu kinapata chakula, mwili unapigana nacho, na hapo panavimba. Mambo haya yanaanzia ndani ya kitundu, pahali ambapo kitambaa hakifiki. Matezi yanasikia homoni, hayasikii sabuni. Unaweza kuosha uso hadi ubao uonekane, matezi yataendelea na kazi yake.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili: ukuta wa nje uliobomoka na kukauka, na vitundu vya ndani vilivyoziba. Paji, pua na kidevu vina matezi mengi, mashavu yana machache. Binti wa yule mama si kioja. Katika milima yetu wako wengi, maana asubuhi kuna baridi na ukungu, mchana jua la ikweta linachoma, na kiangazi upepo unakausha kila kitu, hata ukuni.

Nirudi kwa binti yangu, maana sehemu mbaya bado.

Mwezi mmoja baadaye niliona uso wake umebadilika. Vipele vimekauka, ngozi laini, inang'aa, na rangi imefunguka kidogo. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi na nikawaambia majirani kwamba sabuni yangu imefanya kazi! Kumbe alikuwa amepewa na rafiki yake tube ndogo iliyonunuliwa sokoni kwa mama mwenye meza, katikati ya vibiriti na nyuzi. Alikuwa anaipaka usiku baada ya mimi kulala.

Ilipokwisha, ikapita siku nne hivi. Siku ya tano aliamka uso umevimba, mwekundu, unawaka kama aliyepigwa na mvuke wa sufuria, na vipele vidogo vidogo vyote vya namna moja vimejaa hadi kando ya mdomo. Akaogopa, akakopa pesa kwa mdogo wake, akanunua nyingine. Uso ukatulia. Hivyo hivyo miezi mitano. Nilikuja kujua siku niliyoona mishipa midogo myekundu mashavuni mwake, na ngozi nyembamba kama ya kitunguu.

Tulikwenda kituo cha afya. Muuguzi titulere hakuuliza kwanza habari ya vipele. Alisema: "Leteni kile anachojipaka." Binti alikaa kimya muda mrefu, kisha akatoa tube ndani ya mfuko wa sketi. Muuguzi akaisoma kwa nje, akaweka kidole kwenye maandishi madogo, akanionyesha. Palikuwa pameandikwa *clobétasol*.

Wamama, shikeni jina hilo. Clobétasol na ndugu yake *bétaméthasone* ni dawa za kweli, munganga anaziandika kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache, na mara chache sana usoni. Ni cortisone yenye nguvu. Inazima moto wa ngozi haraka, ndiyo sababu kipele kinalala na rangi inafunguka. Lakini haikizibui kitundu. Ukiendelea, ngozi inakonda, mishipa inatokea, michirizi inabaki kwenye mapaja na mikono hadi kufa, ukungu wa ngozi unasambaa, na chunusi za namna nyingine zinazaliwa kutokana na dawa yenyewe. Ukiikatisha ghafla, uso unalipuka, na mtu anarudi sokoni kununua ili atulie. Ni deni lenye riba. Anayepaka mwili mzima kwa miaka, dawa inaingia hadi ndani: shinikizo la damu, sukari, na vidonda visivyofunga vizuri. Fikirieni mama wa namna hiyo siku anapopasuliwa ili azae.

Kuna maneno mengine mawili ya kutafuta kwenye maandishi madogo. La kwanza ni *hydroquinone*. Hii inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ukiitumia muda mrefu chini ya jua kama letu, inaweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi mashavuni na kuzunguka macho, ambayo hayatoki tena. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza madoa hayo tangu 1975, na nchi ile ikaikataza kabisa ndani ya vipodozi mwaka 1990. Majirani zetu wa Rwanda nao walianza kuzikamata sokoni mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019. La pili ni zebaki, utaiona imeandikwa *mercure*, *mercury* au *calomel*. Zebaki inaharibu figo, na mama mwenye mimba anampitishia mtoto aliye tumboni. Nchi nyingi za dunia zilikubaliana, kwa mkataba wa Minamata, kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Mkataba haufiki kila meza ya soko, kwa hiyo macho yako ndiyo polisi. Na kama tube haina maandishi yoyote, au imehamishwa kwenye kopo lingine, usiulize mara mbili, iache.

Mimi nafikiri, na mnaweza kunikatalia mkutanoni, kwamba wasichana wetu wengi hawaanzi tube hizi kwa kutaka weupe. Wanaanza kwa sababu ya doa. Kwenye ngozi yetu nyeusi kipele kikipona kinaacha alama nyeusi, na alama hiyo inakaa miezi mitatu, sita, hata mwaka. Kipele kilidumu siku kumi tu! Msichana anajitazama kwenye kioo anaona alama ishirini, anadhani bado anaumwa. Muuzaji naye anajua. Anasema "hii inaondoa madoa", na hapo mlango umefunguka. Laiti ningalijua kumwambia binti yangu mapema kwamba alama ile si kovu, na kwamba itaondoka yenyewe polepole kama hataikamua kipele na kama atajikinga na jua, tusingalifika huko. Kofia ya majani, mwavuli, kitambaa cha kichwa kilichoshushwa kidogo mbele wakati wa kwenda shamba: hivyo havina gharama mpya.

Sasa njia tuliyofuata. Naiandika kama tulivyoifanya, pamoja na maelezo ya muuguzi, na kila mmoja ataipima kwa uso wa mtoto wake.

Kwanza tulivunja mazoea ya kusugua. Asubuhi ananawa kwa maji tu, vuguvugu kidogo, kwa vidole vyake. Jioni ananawa kwa sabuni laini ya mtoto, povu kidogo, anasuuza vizuri. Mara mbili, basi. Hakuna kitambaa kigumu, hakuna wavu wa kuogea, hakuna alkoli, hakuna limau. Juu ya limau nakaza, maana wengi wenu mnaipenda: maji ya limau yakikauka kwenye ngozi na jua likaipiga, yanaweza kuchoma na kuacha doa jeusi kubwa kuliko kipele. Dawa ya meno pia inachoma. Kila mtu ana taulo yake ndogo, na uso unakaushwa kwa kugusagusa.

Pili, tuliurudisha ukuta. Hapa ndipo yule mama wa kwenye mlango ataniuliza: mafuta tena? Ndiyo, lakini si mafuta yoyote. Ngozi yenye vipele inahitaji unyevu, haihitaji kufunikwa kwa tabaka nzito. Kitu rahisi kinachopatikana kwenye farmasi za Butembo na za huku ni gliserini. Haizibi vitundu, inavuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Lakini usiipake ikiwa mbichi, ni nzito na inanata, na inaweza kuwasha. Sisi tunachanganya kijiko kimoja cha gliserini na vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa, ndani ya chupa safi. Tunatengeneza kidogo tu cha siku tatu au nne, maana maji yale hayana dawa ya kuzuia kuoza. Anapaka uso ukiwa bado na unyevu kidogo baada ya kunawa. Ukingoja ukauke kabisa, umepoteza nusu ya faida. Wenye uwezo wanaweza kununua krimu nyepesi isiyo na harufu, iliyoandikwa *non comédogène*, maana yake haizibi vitundu. Hiyo nayo ni nzuri, ila si lazima.

Na vazelini? Kwenye midomo, viwiko, miguu na magamba ya mashavu wakati wa kiangazi, tumia. Kidogo sana, usiku. Kwenye paji na kidevu palipojaa vipele, iache. Mafuta ya mawese na ya mbegu za mchikichi ambayo bibi zetu walitupaka mwili mzima, yaacheni yafanye kazi yake kwenye mikono na miguu, na mawese kwenye sombe. Usoni mwa kijana mwenye chunusi ni mazito.

Hapa niingize jambo la nywele, kwa sababu lilinishangaza. Mwaka 1970 madaktari watatu, Plewig, Fulton na Kligman, waliandika juu ya watu weusi wenye vipele vingi vya paji la uso na pembeni mwa macho. Waliona sababu ni pomadi ya nywele: inayeyuka, inateremka, inaziba vitundu vya paji. Mimi nilicheka niliposikia, nikamtazama binti yangu, meshi zake zimepakwa mafuta hadi zinadondoka, na amelala na kitambaa cha kichwa ambacho hakijafuliwa tangu Pasaka. Tangu siku hiyo anapaka mafuta kwenye ngozi ya kichwa nyuma na katikati, si kwenye ukingo wa mbele, na kitambaa cha usiku kinafuliwa kila juma. Paji lilikuwa la kwanza kupona, kabla hata dawa haijaanza kuonekana.

Dawa ndiyo ya tatu, na haikuanza mpaka ukuta umetulia. Muuguzi alimpunguzia ile cortisone polepole kwa majuma kadhaa, kwa dawa dhaifu zaidi na kwa kuruka siku, akimtazama kila juma. Msifanye hivyo wenyewe nyumbani, na msimnyang'anye mtoto tube kwa hasira mkaitupa chooni kama nilivyotaka mimi. Aliyeitumia miezi mingi anahitaji mtu wa kumshika mkono anapoiacha.

Baadaye alipewa peroksidi ya benzoyili, kwenye tube imeandikwa *peroxyde de benzoyle*. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, kwa kipimo cha 5 kwa mia. Iko pia ya 2.5, na kwa ngozi kavu hiyo ni bora, maana inasaidia karibu sawa na ya 10 na inakausha kidogo. Kosa la wengi ni kuipaka kama mafuta. Inatosha kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, ngozi ikiwa imekauka vizuri. Majuma mawili ya kwanza, usiku mmoja kwa tatu. Kwa ngozi kavu kuna ujanja: paka gliserini yako kwanza, ngoja kidogo, kisha dawa juu yake. Inauma kidogo na magamba yanatoka. Ikiwaka sana, pumzika siku tatu, uanze tena. Na onyo la nyumbani ambalo hakuna farmasi iliyonipa: dawa hii inapausha nguo. Kikwembe changu kipya cha sikukuu kina duara jeupe kwa sababu binti alikiegemea. Wekeni kitambaa cheupe cha zamani juu ya mto.

Kisha subira. Majuma sita hadi nane kabla ya kusema haifanyi kazi. Hapo ndipo tube ya sokoni inatushinda, kwa sababu yenyewe inajibu kwa siku tatu.

Kijana anayeota vipele vikubwa, vya ndani, vinavyouma ukigusa na kuacha mashimo, asingoje majuma hayo. Apelekwe moja kwa moja kituo cha afya, na kutoka hapo wakiona lazima, hospitali kuu. Vilevile msichana au mama mwenye vipele vingi ambaye pia hedhi yake inaruka miezi na anaota ndevu: hiyo ni habari ya homoni. Kuna dawa za kumeza za aina ya tétracycline na doxycycline ambazo watu wananunua bila karatasi. Mama mwenye mimba asizimeze, wala mtoto mdogo, zinaharibu mifupa na meno ya mtoto. Na ile inayoitwa isotrétinoïne, mwenye mimba au anayeweza kuipata asiiguse bila daktari, inaharibu mtoto vibaya sana.

Wamama waliowekewa kipandikizi mkononi au wanaochomwa sindano ya kupanga uzazi, wengine wanaota vipele baada ya miezi michache. Inatokea. Usimwombe jirani akutoe kipandikizi kwa wembe, nenda mwambie muuguzi, kuna njia nyingine.

Nipite haraka kwenye maneno ya barazani. Kwamba vipele ni alama ya msichana anayewaza wanaume: huo ni uonevu, wavulana nao wanaota na hakuna anayewatafutia mashtaka. Kwamba vitaisha akiolewa: nina shemeji mwenye watoto wanne na vipele vyake. Kwamba ni karanga, parachichi na mawese: hakuna aliyethibitisha. Vitu vya sukari nyingi, soda, biskuti na mandazi ya unga mweupe kila siku, hapo kuna dalili kwamba vinaweza kuzidisha. Mwaka 2002 watafiti walieleza juu ya watu wa kisiwa cha Kitava, huko Papua Guinea Mpya, wanaokula viazi, matunda, samaki na nazi, na hawakuona chunusi hata kwa vijana wao. Labda ni chakula, labda ni damu yao. Mimi nimepunguza soda nyumbani kwa sababu ya bei, na sijutii.

Yule mama wa kwenye mlango nimemwomba juma hili asinunue chochote. Aondoe sabuni ya kufulia, aanze gliserini, na amwombe binti yake, kwa sauti ya chini na si mbele ya kaka zake, amwonyeshe vyote anavyojipaka. Hili la sauti ya chini ndilo lililonichukua miezi mitano kujifunza.

Mkutano ujao, kabla ya kufungua kasha, kila mmoja alete tube na makopo yaliyomo nyumbani, yake na ya mabinti. Tutasoma maandishi madogo pamoja, wanaosoma vizuri watawasomea wengine. Hakuna atakayeulizwa anayatumia nani.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na sita. Amerudi kwaya, anaimba sauti ya pili. Kidevuni bado ana vipele viwili au vitatu kabla ya hedhi, na mashavuni ile mishipa midogo haijaondoka yote, muuguzi anasema mingine itabaki. Chupa yake ya gliserini ameificha nyuma ya Biblia, maana wadogo zake wanaipaka magotini.

Mama wa kona ya afya